Mrithi wa Kazi ya Ummkulthum

Mdogo wangu Ummkulthum alifariki Jumatatu, saa mbili asubuhi. Pumu ilimbana njiani akija chuoni. Mimi nilikuwa nishafika huko chuoni, Tunguu, nafuta vumbi kwenye meza za chumba cha kompyuta cha maktaba, maana ni mhudumu hapo. Yeye alikuwa mwaka wa tatu, akisomea ukutubi.

Kazi yake ya vitendo ilikuwa madaftari ya zamani ya nyumba moja ya Mji Mkongwe. Miezi mitano alikwenda kule, akapiga picha ukurasa mmoja mmoja, akaziingiza kwenye mfumo wa maktaba pamoja na maelezo. Picha mia nne na kumi na mbili. Chini ya kila moja kompyuta iliandika: Imeingizwa na Ummkulthum Duni. Baada ya maziko nikawa nazifungua kila asubuhi kabla wanafunzi hawajaja. Sikuwa nikiangalia picha. Nilikuwa nasoma jina.

Wiki ya sita baada ya maziko Maalim Msabah alifundisha namna ya kumwondoa mtumiaji kwenye mfumo. Nilikuwa nachomeka waya wa projekta.

"Nipeni mtu tusiyemhitaji," alisema.

"Ummkulthum, Maalim," akajibu Abdulhakim, aliyekuwa darasa moja naye. "Huyo keshajiondoa mwenyewe."

Wakacheka. Saadiya, shoga yake Ummkulthum, naye alicheka, kisha akaniona, akainama.

Nikasema, "Maalim, nnakuomba, chukueni mwengine. Jina lake liko kwenye kazi yake yote."

"Bi Kidawa, hapa darasani, si matangani. Hebu vuta pazia, ukuta hauonekani."

Nikavuta pazia.

Akabonyeza jina lake. Mfumo haukukubali kumfuta hivi hivi. Ulileta swali ukutani: kazi za mtumiaji huyu apewe nani?

"Mpaka kompyuta inajua mirathi," akasema mmoja nyuma.

"Basi mrithi mimi," akasema Abdulhakim. "Yangu sijaanza hata ukurasa mmoja."

"Mwanamme ana mafungu mawili. Mpe yote, Maalim," akadakia yule wa nyuma.

Nilidhani Maalim atamkemea. Alimwita mbele. "Njoo ubonyeze mwenyewe, ndiyo vitendo hivyo."

Akabonyeza. Maalim akafungua picha ya mwanzo ili waone: Imeingizwa na Abdulhakim Muhiddin. Akawaambia waandike hatua zote, nao wakaandika, Saadiya pia.

Walipotoka nilimfuata Maalim mlangoni. "Jina lake haliwezi kurudishwa?"

"Linaweza. Lakini maiti hapewi alama, Bi Kidawa, na huyu anataka kumaliza mwaka."

Abdulhakim alifaulu vizuri, chuo kikamwajiri. Siku za Jumatano ndiye anayefundisha vitendo, na mfano wake ni picha zile. Mimi namwashia kompyuta saa mbili kasorobo.