Magari Mawili Zizini

Kabla ya kuuza magari ya umeme, Agnetha aliuza vocha, akauza mawigi, na msimu mmoja wa mvua akauza vifaranga waliokufa wote isipokuwa jogoo mmoja mkorofi. Kwa hiyo bosi wake wa Dar alipompigia kumwambia kwamba gari la Veko likikosa mnunuzi mpaka mwisho wa mwezi litapandishwa kwenye lori na duka la Kahama litafungwa, hakulia. Kufungiwa duka alishakuzoea. Kilichomnyima usingizi ni Isaka. Duka likifungwa, angerudi kwenye bandari kavu ya huko, kwenye kile kibanda cha bati, kuandika namba za makontena chini ya msimamizi aliyemuaga kwa maneno haya: "Kiti chako simpi mtu. Utarudi tu." Agnetha alikuwa radhi kulala njaa kuliko kukikalia tena kiti kile.

Mnunuzi aliyebaki alikuwa mmoja. Mzee Mayala alikaa nje kidogo ya mji, na ng'ombe wake walipokatiza barabara madereva walizima injini wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Juu ya ng'ombe alikuwa na mgao kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyarugusu, na kila wiki alikwenda huko na pikapu la dizeli lililokunywa kuliko wachimbaji wake. Amelichoka. Amesema anataka gari lisilonusa sheli.

Shida ilikuwa Masudi. Masudi aliuza magari ya Haoma kwenye duka lililotazamana na la Agnetha, na tangu afike Kahama hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Huko ughaibuni watengenezaji walikuwa wanakabana koo kwa habari za betri, na kila walichokitangaza Masudi alikibandika mlangoni. Haoma wametoa betri inayojaa kwa muda wa kunywa chai. Kesho yake Veko wakatoa inayojaa kabla chai haijapoa. Haoma wakajibu kwamba yao haiogopi joto, Veko wakasema yao haiogopi hata baridi, jambo ambalo Kahama halikumsaidia mtu yeyote. Wateja walisoma mlango huu, wakavuka wakasoma na ule, kisha wakaenda zao kununua bodaboda.

Jumatano asubuhi magari yote mawili yaliingia kwa Mzee Mayala yakifuatana kama maharusi wawili wa bwana mmoja. Masudi alishuka wa kwanza, akasalimia kwa Kisukuma ili apendwe, ila alitoa salamu ya jioni.

"Kwenu jua limeshazama?" mzee akamuuliza.

"Shikamoo, baba," akasema Agnetha, akimeza kicheko.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Haya, nani anaanza kusema uongo?"

Masudi akaanza. Alieleza mwendo, alieleza wepesi, akafika kwenye msumari. "Betri hii, mzee, kiwandani wameipigilia msumari ikatoboka kabisa, na haikushika moto. Hata moshi."

Mzee Mayala akaingia ndani, akatoka na mkuki.

"Wapi?" akauliza.

"Wapi nini, mzee?"

"Nitoboe wapi."

"Ah, hapana. Ile walifanya kiwandani."

"Kwani msumari wa kiwandani unauma zaidi?"

Masudi akasimama mbele ya gari lake akiwa ametanua mikono kama kipa, na mzee akaegesha mkuki ukutani bila haraka. Kisha akaanza kuyakagua magari jinsi alivyozoea kukagua kitu chochote anachotaka kununua. Akayapiga makofi ubavuni. Akainama akatazama chini ya mkia, akazunguka, akainama tena.

"Huyu anatolea wapi?"

"Hatoi kitu, baba," akasema Agnetha. "Hana moshi."

"Anakula, halafu hatoi." Mzee akamgeukia mkewe, Mama Maige, aliyekuwa anapeta mchele mlangoni. "Umesikia hiyo?"

"Nimesikia. Angekuwa mwanangu ningempeleka hospitali."

Sasa, Mzee Mayala alikuwa ameuza na kununua ng'ombe maisha yake yote, na ujanja wa mnadani aliujua kwa sababu mwingine aliuanzisha yeye. Mkubwa kuliko wote ni wa chumvi. Alfajiri ya mnada unamlambisha ng'ombe chumvi mpaka kiu imshike shingoni, halafu unampeleka majini anywe mpaka mbavu zipotee. Mnunuzi anaona tumbo, anatoa pesa. Usiku ng'ombe anakojoa, na kukicha mnunuzi anamiliki ngozi na pembe.

"Hapa inasema mia kwa mia," mzee akasema, akichungulia kioo. "Mmemjaza lini?"

"Leo alfajiri," wakajibu wote wawili kwa majivuno.

"Nilijua tu."

Basi akatoa hukumu yake. Magari yatalala zizini mpaka Jumamosi, bila umeme, bila safari. Ndama watahamia kwa jirani. Funguo atashika Mama Maige. Jumamosi watafungua waone matumbo ya kweli.

Washindani walirudi mjini juu ya bodaboda moja, wamebanana nyuma ya dereva, Masudi akicheka sikioni mwa Agnetha njia nzima. "Anadhani ni ng'ombe. Dada, betri yetu ikisimama mwezi haipungui hata punje. Ya kwenu je?"

Agnetha akamwambia dereva aongeze mwendo. Ya kwao pia haikutakiwa kupungua, lakini vifaranga nao hawakutakiwa kufa.

Jumamosi zizi likafunguliwa. Masudi akawasha Haoma: mia, kama alivyoliacha. Agnetha akawasha Veko kwa rimoti akiwa nje, akafumba macho, akafumbua, akachungulia kioo. Sitini na moja.

"Pole, dada," akasema Masudi, akikohoa ili asicheke. Agnetha alikiona kiti cha Isaka, kile chenye mguu uliofungwa waya, kinamsogelea.

Mzee Mayala alizunguka Haoma mara mbili, mikono nyuma. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi.

"Huyu hajala tangu Jumatano."

"Hajala, mzee," Masudi akadakia.

"Na hajakonda."

"Hata kidogo."

"Mimi nimefuga tangu sijaota meno ya pili. Mnyama asiyekula na asikonde, ama amewekewa dawa, ama usiku ananyonya ng'ombe wangu." Akauweka mkono juu ya boneti la Veko kwa upole. "Huyu amekonda. Huyu ni mnyama wa haki."

Masudi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kahama hakikutoka kitu. Kilipotoka, kilikuwa kilio. "Mzee, hayo ndiyo maendeleo yenyewe. Watu wamesota miaka maabara ili lisikonde."

"Wakasote tena."

"Hata langu linakonda. Nipe nafasi tu utaona."

Akarukia usukani. Akawasha taa, redio, vifuta kioo, akazungusha kipasha joto mpaka mwisho, katika jua lile, akaanza kulizunguka zizi huku anapiga honi. Tisini na tisa. Akazunguka tena. Tisini na tisa. Betri aliyoisifu mwaka mzima sasa alikuwa anaitukana, naye anatiririka jasho kama mtu anayetibiwa kwa kufukizwa. Mwisho akatoka nje ya boma akisema anakwenda mashineni kukodi magunia ya mpunga ya kulilemea, na vumbi likamfunika.

Agnetha akaingia ndani ya Veko atafute makaratasi ya mauzo kabla bahati haijageuka. Kiti kilikuwa kimelazwa kama kitanda. Juu yake kulikuwa na khanga, na maganda ya karanga yametapakaa. Alipokaa tu, kipozahewa kilianza kupuliza chenyewe, kwaya ikalia redioni, na kiti kikaanza kumkanda.

Akatoka taratibu. Mama Maige alikuwa anatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

"Mama, ulikuwa unaingia humu?"

"Nilikuwa nalilinda."

"Ukiwa umelala?"

"Mwanangu, humo ndani kuna kipupwe. Na kile kiti." Mama Maige akashusha sauti. "Nimezaa wanane. Mgongo huu hakuna aliyewahi kuukanda. Wewe nyamaza, mwache anunue."

Ushauri mzuri, na Agnetha alikuwa ameshaukubali nusu. Lakini aliyewahi kuuza vifaranga anajua kinachofuata baada ya kuuza: mteja hurudi. Mzee atalirudisha gari zizini alipime tena, halitakonda, naye atakuja dukani na ule mkuki. Na baada ya mkuki, Isaka.

"Baba," akasema, "gari hili halikukonda lenyewe. Limeliwa."

"Na nani?"

Agnetha akatazama viatu vyake. Mzee akachungulia mlangoni, akaokota ganda la karanga, akalizungusha vidoleni.

"Mama Maige."

"Abee."

"Ndiyo maana tangu Alhamisi tunakula viporo."

Mama Maige akaendelea kutazama mawingu. Mzee akafikiri. "Kwa hiyo mnyama huyu akisimama hakondi."

"Hakondi, baba. Anakonda akifanya kazi, au mama akiingia."

"Basi yule mwenzake naye ni mzima. Nimemwonea kijana wa watu." Akatazama barabarani. "Akirudi ntamtaka radhi. Na lile lake lina rangi nzuri."

Agnetha akaketi kwenye kivuli cha zizi. Akajilaumu, akamlaumu na jogoo. Jua likapinda. Hatimaye Haoma likaingia limeinama nyuma kwa magunia, na Masudi akashuka ameloa kuanzia kichwani, mpunga masikioni, anang'aa kwa furaha.

"Mzee, njoo umwone. Amekonda. Thelathini na nne."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi tu. Hajaenda hata mbali, mzee. Mjini na kurudi, mjini na kurudi. Amekonda mpaka huruma."

Mzee Mayala alimtazama kwa huzuni, kama unavyomtazama mtu ambaye bado hajaambiwa. Akamshika bega.

"Asubuhi alikuwa mia, na mbali hajaenda. Mwanangu, huyo mpeleke kwa bwana mifugo."

Masudi alieleza mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa Mama Maige alikuwa ameshaingia kwenye Veko, amepandisha kioo, na kutoka ndani alikuwa anaonyesha kwa kidole jinsi mlango unavyofungwa.

"Nalichukua," akasema mzee. "Kamba yake iko wapi?"

"Kamba, baba?"

"Sichukui mnyama bila kamba."

Agnetha alifungua buti, akatoa waya wa kuchajia, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee akaukunjua, akaufunga kwenye nguzo ya zizi kwa fundo la ng'ombe, akalivuta kujaribu. Agnetha akaanza kumweleza kwamba ule unachomekwa ukutani.

"Najua unachomekwa ukutani," akasema Mzee Mayala. "Kwanza azoee nyumbani."