Ratiba ya Watu Wawili

Malkia hakuwahi kuwa na kalenda. Kalenda yake nilikuwa mimi.

Ni mtoto wa mama mdogo. Tunasomea uuguzi, mwaka wa pili, chumba kimoja cha bweni, vitanda viwili. Ukutani juu ya meza nilibandika ratiba yangu: nyekundu mitihani, kijani zamu za wodini, bluu kazi za kukusanya. Kila asubuhi yeye anaisoma huku anapiga mswaki, povu limejaa mdomoni, kisha ananitania mbele za watu. "Dada huyu hata chafya anaipangia saa!" Watu wanavunjika mbavu. Nami nacheka nao, mjinga mimi.

Muhula uliopita aliazima daftari langu la mazoezi, lile ambalo muuguzi mkuu wa wodi anatia saini kila unapofunga kidonda au kumchoma mgonjwa sindano. Bila saini hizo hufanyi mtihani. Akalisahau saluni, na saluni wakalitupa pamoja na nywele. Saini sitini na mbili, jamani! Nilirudia wodi likizo nzima. Kaka yangu wa tumbo moja akaoa, mimi niko nasafisha vidonda. Na samahani yake je? "Dada naye, utadhani nimeua mtu."

Nikasema moyoni, huyu atanitambua.

Nilibandua ratiba ukutani, nikaihamishia kwenye kijitabu kidogo kinachokaa mfukoni mwa sare. Akauliza imeenda wapi. "Nimechoka kuitazama," nikamjibu, na ulikuwa ukweli mtupu. Hakuuliza tena. Ubao wa matangazo hajui hata uko upande gani, na kundi la darasa kwenye simu alilizima zamani, eti makelele.

Safari hii madaftari yalitakiwa Alhamisi, mwisho saa nne asubuhi. Asiyekusanya anarudia mwaka mzima. La Malkia lilikuwa na saini zote, limelala chini ya mto wake. Wiki nzima nililiona, na wiki nzima nilifyata mdomo.

Alhamisi nikavaa, nikachukua langu. Malkia akafunua shuka nusu uso.

"Dada, leo kuna nini?"

"Leo Alhamisi."

"Basi nalala kidogo."

"Lala, mdogo wangu."

Saa nne ilipogonga, mkufunzi alihesabu madaftari, akaniita. Mama yule ni mkali, ila huruma anayo, anaificha tu. "Limepungua la mdogo wako. Mpigie simu. Nampa robo saa."

Kutoka bwenini ni dakika tano kwa miguu. Nikatoka kwenye korido, nikaweka simu sikioni bila kupiga. Nikaikumbuka picha ya harusi, ndugu wote wamejipanga, mimi simo. Nikarudi ndani.

"Hapatikani, mwalimu."

Akafunga orodha, akapiga muhuri. Sitawaficha, nilisikia raha mpaka vidoleni.

Saa tano Malkia alikuja mbio, kandambili mguuni, daftari kifuani. Sijui nani alimshtua. Nilisimama mwisho wa korido nikimtazama anavyogonga mlango wa mkufunzi. Gonga, mama, gonga! Mkono uchubuke.

Jioni nilimsubiri aje na matusi. Majibu yangu nilikuwa nimeyapanga, la kwanza hadi la mwisho. Akaingia macho yamevimba, akakaa kitandani kwangu.

"Mkufunzi kaniambia umenitafuta," akasema. "Eti kachelewesha hadi kufunga orodha, ukawa unanipigia tu. Na hii simu yangu takataka, haikuonyesha hata alama." Akanilalia begani, akalia upya. "Mwenzio mimi nakutania kila siku, na wewe unanihangaikia. Na lile daftari lako la saluni, dada, nisamehe. Sikujua kumbe inauma hivi."



Akajifuta machozi, akatoa karatasi kubwa na rula mpya, akanitia mkononi. "Nipangie mwaka wangu wa kurudia. Safari hii naufuata, haki ya Mungu."

Nikachora, mstari wa kwanza ukaenda upande. Malkia akanishikia rula.