Galaksi ya Kumwogeshea Mjukuu

Therese alikuwa anakoroga sabuni ya mawese nyuma ya kibanda chake kwenye kambi ya wakimbizi, mikono iko ndani ya beseni, akili yote iko Kabanga, nje ya kambi. Binti yake Nadège, aliyeolewa na fundi cherehani wa huko, alikuwa amejifungua juzi. Kwao bibi ndiye humwogesha mjukuu mpaka kitovu kidondoke. Asipofika, mtoto humchukulia yule aliyemwogesha kuwa ndiye bibi yake. Kwa mawazo hayo Therese akakoroga kuume, kisha akarudi kushoto, kosa ambalo mpika sabuni halifanyi hata akisinzia. Sabuni ikakatika, isigande tena, mahali pake ikakaa galaksi.

Ilikuwa bapa kama chapati, katikati imevimba kwa nyota kongwe za manjano, na mikono miwili ya nyota changa za buluu imejizungusha pembeni. Jirani yake, mwalimu Emile, aliinama akaikagua. Alisema nyota zake ni mabilioni kwa mabilioni, na iko umbali wa miaka nuru milioni sitini. Kisha akauliza kama mawese yamebaki.

Hayakubaki hata tone. Na galaksi za mbali hazitulii, huzidi kwenda mbali. Kila Therese alipogeuka, beseni lilikuwa limesogea. Akalikamata, akajitwika, akaenda nalo getini ili akamwogeshee mjukuu.

Mlinzi alikuwa anatafuna karanga. Aliuliza kitu hicho kimetoka wapi, na lini. Therese akaeleza kama alivyoelezwa. Mlinzi akapiga hesabu, akaona kilianza safari kabla mipaka haijachorwa, kwa hiyo si mkimbizi. Kipite.

"Na mie?"

"Wewe mpaka kibali, mama. Na mwenye kutoa kibali yuko Kibondo, kwenye semina."

"Mjukuu wangu kazaliwa Kabanga, mimi niko bibi yake," Therese alisema. "Ni mie wa kumwogesha."

Mlinzi akampa hongera, na aliitoa moyoni.

Beseni likaondoka kwenda Kabanga kwa bodaboda ya Saady, aliyelalamika tu kwamba mzigo unamvutia nyuma. Therese alisimama getini mpaka vumbi likatua, roho inamuuma.

Baada ya siku kadhaa Nadège akapiga simu. Mtoto wanamwogesha humo humo kwenye galaksi, halii, ananukia mawese, na kitovu kimedondoka salama. Therese akamshukuru Mungu, akauliza mtoto anaendeleaje.

"Vizuri, mama. Akililia tu beseni, tunamsogezea. Tunamwambia, bibi huyo."