Dirisha la Jikoni Haliuzwi

Mnunuzi wa tano alikuwa aje saa tisa, na saa nane na nusu mkaza mwana alikuwa bado amesimama juu ya kiti jikoni, misumari mdomoni, akitundika kalenda ya mwaka juzi. Kalenda yenyewe ilikuwa pana kama sinia, na ndiyo sababu aliichagua. Ilikuwa na kazi moja tu: kuficha tundu.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, ya tisa katika safu ya nyumba kumi na mbili zilizobanana bega kwa bega karibu na bahari. Vyumba viwili, jiko, na ua wa kuanikia nguo. Ukuta mmoja, jirani wawili. Akipiga chafya huyu, yule anajipangusa. Tundu lilitobolewa miaka thelathini na moja nyuma na fundi bomba aliyepima upande mmoja akatoboa upande mwingine, nyundo yake ikatokeza jikoni kwa jirani, juu kabisa ya sufuria. Watu wengine wangefikishana kwa mjumbe. Wanawake hawa wawili walichunguliana tunduni, wakacheka mpaka wakakaa chini, kisha wakamwambia fundi asizibe. Alinganishe kingo, atie fremu na kibao cha kufungua. Tangu siku hiyo chumvi, viberiti, siri na umbeya vyote vilipitia pale. Mjukuu, msichana wa miaka minne, hakumjua yule mama jirani kwa jina jingine ila Bibi wa Ukutani.

Mtoto huyo ndiye aliyefanya nyumba iuzwe. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula plasta, unyevu umepanda mpaka usawa wa kitanda, na kifua chake kililia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Daktari alichoka kuandika dawa ileile. Safari ya mwisho aliweka kalamu chini, akasema dawa iliyobaki ni kuhama kabla ya mvua kubwa. Nyumba kavu ilishapatikana juu kilimani, na mwenyewe alikubali kuwangojea hadi mwisho wa mwezi. Ilibaki hii ipate mtu. Mama mkwe hakusita. "Uzeni," alisema. "Nyumba ziko nyingi, mjukuu ninaye mmoja."

Basi mbona ni yeye huyohuyo aliyekuwa akitia mchanga kwenye kitumbua?

Maharusi waliokuja kwanza aliwapokea vizuri, akawaambia paa halivuji sana, ni beseni mbili tu, ya tatu mpaka upepo ugeuke. Mwalimu mmoja aliuliza kama kuna panya. Akajibiwa hapana, panya walishindwa na unyevu, wakahama. Mkaza mwana, aliyekuwa kando, alimkanyaga mguu taratibu. "Mwanangu, mbona unanikanyaga?" akauliza mama mkwe kwa sauti, mbele ya mwalimu.

Dalali, kijana wa viatu vya kung'aa ambaye mtaa mzima ulimwita Bila Shaka kwa kuwa hakuwa na jibu jingine, alishauri kwamba safari hii bibi asionekane. Kwa hiyo mama mkwe aliombwa akae chumbani na mtoto. Bibi wa Ukutani naye akaombwa asifungue kibao mpaka aitwe, na akaapa kwa jina la marehemu mumewe.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa seremala, mtu mzima mwenye penseli nyuma ya sikio, aliyetafuta nyumba ya kukaa yeye na dada yake. Huyu hakutishwa na kitu. Aliikwaruza plasta kwa ukucha, akanusa, akasema itabanduliwa yote ipigwe upya, kazi anaijua. Alipanda akalitazama paa, akashuka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mkaza mwana akaanza kupumua. Kisha seremala akaingia jikoni, akavuta futi yake ya chuma, akainyoosha ukutani kupima mahali pa makabati.

Kalenda ikacheza. Msumari ukang'oka, na mwaka juzi wote ukaanguka sakafuni. Mkono uliovaa bangili ukatoka ukutani na bakuli la supu lililofuka mvuke.

"Pokea ya mtoto kabla haijapoa," ikasema sauti. Likafuata jicho. "Ndiye wa tano huyu? Ana uso wa mtu anayelala mapema. Mchukueni."

Futi ilirudi ndani ya kasha lake kwa mlio. Dalali akawahi kusema kwamba hilo, bila shaka, ni la kupitishia hewa.

"Hewa ina supu?" akauliza seremala. Akalipokea bakuli, maana mkono ulikuwa bado unangoja, akaliweka mezani kwa adabu. Kisha akamgeukia mkaza mwana. "Dada, nyumba nimeipenda. Lakini mimi nanunua nyumba, sinunui jirani. Lizibeni hilo, Jumamosi asubuhi nije tuweke sahihi."

"Basi asinunue," akasema mama mkwe, ambaye alishatoka chumbani zamani.

Wageni walipoondoka, mkaza mwana aliosha sufuria iliyokuwa safi, akairudia tena. "Mama," alisema mwishowe, "nyumba unauza au huuzi?"

"Nyumba nauza. Dirisha siuzi."

Akambembeleza, akamkumbusha daktari, akamkumbusha mvua. Mama mkwe alikubali kila neno, ila likitajwa tofali la kuzibia tundu aligeuka kiziwi. Mume wa mkaza mwana, dereva wa lori, alipopigiwa simu alisema hayo mambo ya jikoni wayamalize wenyewe, akakata kwa kisingizio cha mtandao. Alhamisi fundi aliitwa. Mama mkwe akaweka kiti mbele ya kibao, akakaa, akamenya vitunguu vya wiki nzima, kimoja kimoja, mpaka fundi akakunja mfuko wake akaenda zake. Mkaza mwana alitoka uani, akalia kidogo nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Akajiambia ni vitunguu.

Ijumaa mchana alirudi kutoka kazini kwenye tanuri la mikate na kukuta mlio wa mwiko wa fundi. Haukutoka kwao. Mama mkwe alikuwa amefungua kibao, na upande wa pili matofali yalishafika nusu ya tundu. Juu yake kilionekana kichwa cha Bibi wa Ukutani, na nyuma ya kichwa, fundi yuleyule wa jana.

"Wewe unafanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Naziba."

"Nani kakutuma?"

"Mtoto. Wewe masikio yamekuchakaa, mwenzangu. Mimi naishi peke yangu, kwangu kimya. Kila alfajiri namsikia akiitafuta pumzi. Nimechoka kumpitishia supu kama vile supu ndiyo hewa."

Mama mkwe alikishika kibao kana kwamba kingekimbia. "Na mimi chumvi nitaiombea wapi?"

"Mlangoni. Kama watu."

Tofali la mwisho likaingia. Mkaza mwana alikuwa amejaa hasira ya wiki nzima, na sasa hakuona wa kumpa. Akaokota kalenda, akaikunja, akaiweka juu ya kabati bila sababu.

Jumamosi seremala na Bila Shaka walifika, wasiweze kuingia. Bibi wa Ukutani alikuwa amekuja kwa njia ya mlango, taratibu, akiegemea mkongojo, na mama mkwe alikuwa amemzuia palepale kizingitini akimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Tangu lini una mkongojo?"

"Mwaka wa pili huu. Pale dirishani ulikuwa unaona kichwa tu."

"Ukanificha."

"Ungenihurumia."

"Ningekucheka."

"Ndiyo hiyo."

Wakaletewa viti, wakaujaza mlango mzima, wakaanza kuhesabiana maradhi ambayo tundu halikuwahi kuyaona. Dalali alitazama saa mara tatu. Mkaza mwana, mtoto kiunoni, kalamu mkononi, akaomba kwa sauti aliyoilainisha kwa nguvu: "Mama zangu, tupisheni basi. Watu waingie waweke sahihi."

"Wangepita dirishani," alisema Bibi wa Ukutani, "ila limezibwa."

Wale wawili wakacheka mpaka mkongojo ukaanguka. Mkaza mwana aliinama kuuokota, akauona jinsi ulivyolika chini, na pale pale akazikumbuka ngazi za ile nyumba ya kilimani. Saba, tena kali kwa mtu wa mkongojo. Kabla hajampa seremala kalamu, akamuuliza kama anatengeneza mbao za kushikia ngazini, na kama anaweza kuja kupima Jumatatu.