Arobaini kwa Mia

Ilyasi alitaka ile arobaini ikae ukurasa wa kwanza, tena kwa wino mwekundu. Mauzo yamepanda kwa asilimia arobaini katika mwaka mmoja! Duka lao la nguo la mtandaoni, Sindano, lililoanzia kwenye chumba kimoja cha Rwezamenyo, Kigali, halikuwahi kuandika habari tamu namna hiyo katika taarifa yake ya fedha.

"Haiwezi kukaa pale, Mzee," alisema Jovia, mhasibu wake.

"Kwa nini? Nguo hazikutoka?"

"Zilitoka. Nyingine zikarudi."

Wiki nzima Jovia alilala na jambo hilo na kuamka nalo kwenye sala ya alfajiri. Taarifa ya mwaka jana ilihesabu nguo baada ya mteja kuikubali. Mwaka huu walinunua programu mpya, nayo huhesabu nguo mara tu inapopanda pikipiki. Na wateja wa Kigali anawajua: mtu anaagiza gauni moja kwa saizi mbili, anamwacha motari getini na pikipiki yake, anazijaribu zote, kisha anamrudishia moja. Mwaka jana zilibaki kwa wateja nguo elfu kumi. Mwaka huu zilitoka elfu kumi na nne, lakini elfu tatu na mia moja zilirudi. Ukiipima miaka yote miwili kwa kipimo kimoja, ukuaji ni asilimia tisa.

Ilyasi hakuwa mwongo. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, amekulia chini ya meza ya kukatia, na alitaka mafundi wenye hisa waongeze fedha ili wafungue duka Kabeza.

"Tisa haifungui duka," alisema. "Iandike nyuma huko, kwa herufi ndogo. Kwanza mkutano wa wenye hisa wa mwaka jana walikuja watu saba. Wasipofika nusu, bodi inaamua yenyewe, na bodi inataka Kabeza."

"Basi hao saba nitawaambia."

Hakupandisha sauti. Fedha ambazo mafundi wangeziongeza zilikuwa karo za watoto wao, naye hangekubali kuzipokea kwa hesabu iliyopinda.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Ilyasi alibaki mdomo wazi, hadi Nyiransabimana, fundi mkongwe kuliko wote, alipomshika mkono.

"Hajji, tumekuja na njaa kabisa. Chakula kiko wapi?"

"Chakula gani, mama?"

Akamwonyesha simu. Ujumbe ulitoka kwa Habumugisha, karani wa ofisi: *Saa nne iko taarifa ya mwaka. Saa tano iko kula. Wote mufike.*

Ilyasi akamwita. "Nani alikuambia kuna kula?"

"Si wewe, Mzee? Ulisema saa tano watu watapiga kula."

"Kura! Ku-ra!"

"Yego, kula. Nimeandika vile vile."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Hatupigi chochote na njaa, Hajji!" sauti ilitoka nyuma. Ilyasi naye akashindwa kujizuia, akacheka hadi akafuta macho, akatoa pochi na kuagiza sambusa na chai kwa wote.

"Wakati tunangoja," Jovia alisema, "niwasomee taarifa."

Bwana, nipe maneno yanayoeleweka, aliomba moyoni. Akageukia ubao, akaiandika miaka miwili bega kwa bega, akawaeleza habari ya programu na ya wale wanaojaribu nguo huku motari akingoja getini. Wengi walicheka; wao wenyewe wamefanya hivyo.

"Kwa hiyo hatukukua?" aliuliza Munyaneza, mshonaji wa mashati.

"Tumekua. Tisa kwa mia, na hiyo hakuna mtu atakayeirudisha. Ila zinazorudi zinaongezeka haraka kuliko zinazouzwa. Mwaka jana ilirudi nguo moja katika kila nane. Mwaka huu ni zaidi ya moja katika kila tano. Tukifungua Kabeza leo, tutafungua stoo ya nguo zilizorudi."

"Motari akirudi nayo, nani anamlipa?"

"Sisi. Kwenda na kurudi."

Minong'ono ikapita ukumbini.

"Zinarudi kwa nini?" Munyaneza alikaza uso. "Tunashona vibaya?"

"Hapana, kaka. Wateja wanaandika sababu ile ile: saizi. M yako wewe ni S ya mama Nyiransabimana. Na mwaka huu wameingia mafundi wengi wapya, kila mmoja na M yake."

"M yangu nilifundishwa na baba yangu!"

"Baba yako alikuwa mwembamba kama uzi!" Nyiransabimana alimrukia. "Nani wa Kigali ataingia humo?"

Ilyasi hakucheka safari hii. Alikuwa akiutazama ubao. Akasimama polepole.

"Mimi ningewapa arobaini," alisema. "Ni tamu, nami niliipenda. Lakini ingetutokea puani. Ukurasa wa kwanza utaandikwa kama alivyouandika Jovia. Sasa semeni: Kabeza mwaka huu, au kwanza tupate kipimo kimoja?"

Kwa Kabeza ilipanda mikono michache. Kwa kipimo kimoja ilipanda mingi hata haikuhitaji kuhesabiwa, na wa Ilyasi ulikuwemo.

Sambusa zilipofika, Nyiransabimana alikuwa ameshavua futi shingoni.

"Mwanangu, njoo usimame hapa katikati," alimwambia Jovia. "Leo wewe ndiyo M."

Jovia akainua mikono. Futi zikamjia kutoka kila upande.

"Shika hapo!"

"Si hapo, chini ya kwapa!"

"Munyaneza, unampima au unamnyonga?"

Ilyasi akavuta kiti karibu, akafungua kalamu, akangoja wakubaliane kuhusu kiuno.