Alara Apewa Mume

Mume wangu Alkimo ni mwimbaji wa karamu, na mimi ndiye mbeba kinubi chake. Tumeizunguka nchi yote ya Beotia, huku Ugiriki, mpaka nyayo zetu zimekuwa ngumu kuliko viatu. Kwa hiyo Feidas, bwana wa kijiji cha Orkia, alipotuahidi chumba na shayiri kwa majira yote ya baridi, nilikaa chini papo hapo nikagoma kuinuka.

Sharti lake lilikuwa moja: kwenye sikukuu, Alkimo aimbe kwamba ukoo wa Feidas umetokana na Zeu, mfalme wa miungu. Siku hizi kila bwana anataka hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba Orkia hawakuwa na Zeu. Walikuwa na Alara, mungu wa kike mwenye chemchemi, asiye na mume wala baba, na mhudumu wake alikuwa kikongwe Timandra.

"Mwoze Zeu tu," nikamwambia Alkimo. "Kila kijiji tunachopita unamwoza Zeu. Huyu Alara mmoja ndiye atakushinda?"

"Nimechoka kumwoza, mke wangu. Nadhani hata mwenyewe amechoka."

Timandra akaja kusimama mlangoni. "Mwanangu, imba utakavyo. Ila Alara ndiye mwenye nyumba hapa. Usije ukamfanya mgeni kwake."

"Sithubutu, mama," Alkimo akajibu, na alimaanisha.

Aliimba vizuri. Zeu akafika Orkia, akampenda Alara, mtoto akazaliwa, Feidas akavimba kichwa. Hapo mgeni mmoja kutoka Argo, mji wa mungu Hera, divai imemkolea, akapiga meza.

"Wee mzee! Zeu ana mke! Hera wetu alikuwa wapi, amelala?"

Watu wakaangua kicheko. Alkimo hakuwa amemfikiria Hera hata kidogo, nikaona jasho likimtoka. Mwimbaji akinyamaza katikati amekwisha, na chumba chetu kimekwenda. Basi akashika lililokuwa karibu: Hera akawaka wivu, akamgeuza Alara maji, na chemchemi ile ni machozi ya binti aliyeponzwa na uzuri wake.

Wanawake walilia. Feidas akatupatia paja zima la ng'ombe.

Asubuhi nikamwambia Alkimo arekebishe ule wimbo.

"Nirekebishe nini? Yule wa Argo ameshaondoka, anauimba njiani." Akajifunika blanketi.

Nikachukua mtungi, nikaenda kumwomba radhi Timandra. Nilimkuta chemchemini akimimina maziwa, kama alivyofanya tangu usichana wake. Nilikuwa tayari kutukanwa, tena ningefurahi. Hakuniona. Yeye ambaye mpaka jana alimwita Alara Bibi Mkubwa, akimwomba mvua, watoto na uzima, sasa alikuwa ameinama akiyapapasa maji kwa kiganja.

"Pole, binti yangu," alisema. "Pole sana. Wamekutenda vibaya."

Hakumwomba kitu.