Kengele Ambayo Mwamvua Hakuigonga

Kabla ya kuhamia Mkwaja, Mwamvua alikuwa mpishi wa harusi pale Ngamiani, na si mpishi wa kubahatisha. Sufuria lake la pilau likifunuliwa, wagonjwa waliolazwa hospitali walikuwa wakiomba ruhusa warudi nyumbani, na wapo waliopona njiani.

Mumewe, Rahimu, muuza khanga, alimwacha kwa ujumbe wa simu. Mwamvua alikuwa akipara samaki, simu ikalia, akaisoma na magamba mkononi: talaka, basi, hata salamu hakuna. Hilo pengine angelimeza. Lakini Rahimu, ili mji usimwone mbaya, akatangaza barazani kwamba mkewe alikuwa akimtilia dawa kwenye chai. Mji ukaguna, ukaamini. Tangu hapo hakuna nyumba iliyomwita kushika mwiko, maana nani atamkabidhi sufuria la harusi mwanamke wa dawa?

Akaenda zake Mkwaja, kwa Bante Sumana, mtawa wa Kibudha kutoka Sri Lanka aliyejifunga shuka la rangi ya bizari na kufungua nyumba ya kufundisha watu kukaa kimya. Mwamvua alianza jikoni. Baadaye Bante akamkabidhi na kengele ya kumalizia vikao. Alipouliza kama kuigonga kutamharibia swala zake, mzee alicheka, akamwambia swala zake ni zake, kazi ya kengele ni kuwarudisha watu tu.

Bante hakuwa mkali ila kwa jambo moja, nalo ni mwisho. Mtu aliyetulia ukimkurupusha, alisema, utulivu wote unamwagika. Kwa hiyo kengele iguswe kwa upole hata yenyewe isijue, na mlio uachwe ufe taratibu. Kisha watu wacheze vidole vya mikono, halafu vya miguu, wasugue viganja na kuviweka machoni, ndipo wafumbue. Mwisho kabisa viumbe wote watakiwe heri. Siku ya upepo mkali kengele iwekwe kando, kila mmoja aguswe begani. Na yule aliyekwenda mbali sana ndani ya nafsi yake asiguswe, aachwe arudi mwenyewe.

Mwamvua aliyashika yote. Kila alipoyasikia aliukumbuka ule ujumbe wa simu, akajiuliza kwa nini kikao cha wageni kimalizwe kwa adabu kuliko ndoa yake. Na kila kikao aliwatakia heri viumbe wote, tandu na nge wakiwemo, akamruka mmoja tu wa Ngamiani.

Sasa yule mmoja akaja kwa miguu yake. Daktari alikuwa amemwambia presha yake inataka utulivu, naye akaja na kundi la wageni wa mjini. Kati yao alikuwamo Bi Hasina, mwandaaji wa harusi, mwanamke ambaye ukimnong'oneza jambo saa ya chai, magharibi linakurudia limeshaota ndevu.

Rahimu alipomwona Mwamvua na kengele mkononi, alitabasamu kwa upande mmoja. "Kumbe umeishia kuchunga kengele," alisema, mbele ya wote. "Chai hapa nani anapika? Nisije nikalainishwa tena."

Wageni wakacheka. Bi Hasina akakisogeza kikombe chake mbali. Mwamvua alikiona kile kikombe kinavyosogea, na moyo wake ukafunga mlango kwa komeo. Jioni ile Rahimu akaongeza kujigamba kwamba yeye akikaa amekaa, na mwanamume anayefumbua jicho kabla ya kuambiwa ni mtoto wa kunyonya. Mwamvua alikuwa akikusanya sahani. Maneno hayo akayakusanya pia.

Asubuhi Bante alikwenda Pangani kung'oa jino, akamwachia Mwamvua kikao. Bahari ilikuwa imepwa, mchanga mpana, upepo unavuma. Akawatandikia mikeka ufukweni. Rahimu alichagua wa mbele kabisa karibu na maji, aonekane. Mwamvua alijua siku ile ni bamvua, maji yakirudi hayabishi hodi, yanafika mpaka kwenye mashina ya minazi. Hakusema.

Maji yalipogeuka, alipita nyuma yao akiwagusa mabega, mmoja mmoja, kwa upole ule ule aliofundishwa. Wakacheza vidole, wakasugua viganja, wakaamka bila sauti. Bi Hasina akamnyooshea kidole Rahimu. Mwamvua alimnong'oneza kwamba bwana yule amekwenda mbali, na Bante amekataza mtu wa namna hiyo kuguswa. Wageni wote wakapanda kwenye banda la kulia, juu ya ufuko, wakaketi kunywa uji na kumstaajabia.

Maji yakamfikia vidoleni. Rahimu hakufumbua. Yakalowesha mkeka, akakunja uso, akabaki. Kaa akampanda gotini, akatazama huku na huku kama mpima viwanja, akateremka. Yalipofika kitovuni ndipo Rahimu alipofumbua jicho moja, akaona hana jirani. Akataka kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, haijui tena ni ya nani.

Mbele yake Mwamvua amesimama, maji magotini, kengele mkononi.

"Mwamvua, nipe mkono."

"Kikao hakijaisha. Kengele sijaigonga."

"Maji yananijia, mama."

"Yananijia na mimi. Niambie kwanza, kwenye chai nilikuwa natia nini?"

Rahimu akatazama bandani. Wimbi likampiga kifuani, likamwachia mwani begani. Akasema kwa sauti ya ndani kwamba alikuwa hatii kitu.

"Bi Hasina hasikii kutoka kule."

"Hakutia kitu!" Sauti ilipasuka, hata kunguru wakaruka minazini. "Chai ilikuwa chai. Nilitunga mimi, nisitukanwe kwa kumwacha mke kwenye simu."

Bandani kijiko kilianguka. Bi Hasina alikuwa amesimama na bakuli lake.

Hapo Mwamvua akaigonga kengele kwa upole, akausubiri mlio ufe wote. Halafu, maji yakizidi kupanda, akamwendesha hatua kwa hatua, hakuruka hata moja: vidole vya mikono, polepole, si hivyo, rudia. Vya miguu sasa. Havisikii? Tutangoja visikie, Bante hapendi haraka. Viganja visuguliwe. Rahimu akasugua viganja vilivyolowa, chumvi ikamwingia machoni, mdomo ameuinua juu ya maji kama kuku anayemeza.

"Sasa viumbe wote," alisema Mwamvua, akafumba macho. "Wenye miguu na wasio na miguu, wa porini na wa mjini, wapate heri." Akapima moyoni kama bado kuna wa kurukwa. Alikuwapo. Akamruka.

Kisha akawapungia wale wa bandani waje wamnyanyue, akasema bwana amerudi mwenyewe.

Kabla ya wiki kwisha, gari lilitoka Ngamiani kumfuata mpishi wa pilau. Bi Hasina alikuwa ameketi mbele, na kikombe cha chai alichopewa na Mwamvua alikinywa mpaka mashapo, akaomba kingine.